Asiye na Wenyewe

Nilipohamishiwa Garissa nikitokea Mwingi, nilidhani nitakaa miaka miwili, nipate uhamisho, nirudi kwetu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba. Nimekuwa muuguzi wa hospitali ileile, nimepanga nyumba ileile mtaa wa Iftin, na bado jirani zangu wakiniona na begi huniuliza kama ninaenda Kenya, wakimaanisha kule ng'ambo ya daraja la Tana. Siku hizi nami husema hivyohivyo: naenda Kenya, nitarudi Jumatatu.

Kuna wakati wenzangu wengi wa bara waliondoka kwa hofu ya mashambulizi. Mimi nilibaki. Kanisani walinisifu kwa hilo, na sifa zile nilizipokea. Nilijihesabu miongoni mwa watu wema. Naliandika hili mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni mtu wa namna gani.

Hospitalini petu kulikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye veranda ya wodi ya wanawake, karibu na bomba la maji. Hakuwa mgonjwa aliyelazwa. Alifika tu siku moja wakati wa kiangazi, akanywa maji kwa viganja, akakaa chini akiegemea nguzo, na kesho yake akarudi. Rika letu lilikuwa moja, labda alinizidi kidogo. Akili yake haikuwa imetulia. Mara aongee na mtu asiyeonekana, mara akae saa nzima akitazama miguu yake. Wengine walisema ametoka Bute, wengine Moyale, na ukimuuliza mwenyewe alikutajia mji wowote uliomtajia wewe kwanza. Dini yake haikujulikana. Ukimpa salaam aleikum, aliitikia vizuri mpaka mwisho. Ukimwambia Bwana asifiwe, alijibu amina na kuinua mkono kama mtu aliyezoea ibada.

Kila siku saa nne nilimpa uji uliobaki wodini. Nilimtengea kikombe chake, nikakipaka rangi nyekundu ya kucha chini ya shikio lake ili kisichanganyike na vya wagonjwa. Wakati ule niliona ni usafi tu. Hakuwahi kulalamika. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akakisuuza bombani, akakiweka dirishani kikiwa kimeinamishwa.

Mwezi wa kiangazi kikali tukapata kambi ya macho. Daktari mzee wa macho alikuja kutoka nchi za nje, akae nasi wiki tatu, awafanyie upasuaji watu wenye mtoto wa jicho bila malipo. Siku ya kufungua kambi tulitarajia wakubwa wa ofisini na watu wa kamera. Wazee kwa mamia walikuwa wameshafika tangu alfajiri, wengine kutoka mbali kabisa huko kaskazini, wameshikwa mikono na watoto wao. Foleni ilipita mbele ya veranda yetu.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa wodi siku hiyo. Nilipita na faili langu nikikagua, nikamwona yule mwanamke mahali pake. Alinuka. Nguo yake ilikuwa leso moja tu iliyofungwa kifuani, imechakaa. Nikafikiria kamera. Nikamwita askari wa geti.

"Mtoe huyu," nilimwambia. "Mtoe kabisa, mpaka nje ya geti. Wageni wakishaondoka atarudi."

Askari alimshika mkono. Yule mwanamke akakataa kuinuka. Akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili na kuanza kupiga kelele, kelele nyembamba isiyo na maneno. Askari wa pili akaja. Walipomvuta, leso ilikwama kwenye msumari wa nguzo, ikafunguka, ikabaki pale. Wakamburuta hatua kama kumi, uchi wa mnyama, mbele ya foleni nzima.

Watu walicheka. Sisemi wote. Lakini walicheka wa kutosha, na vijana wawili watatu walioleta wazee wao wakatoa simu wakarekodi.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye ile leso. Ningeweza kuichukua. Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia, na sijapata jibu linalonisaidia. Nilibana faili kifuani nikasema, "Haraka, haraka," nikiwaambia wale askari.

Ndipo nikamsikia mwanamke mzee wa Kisomali katika foleni akiuliza, "Wanacheka nini? Nani analia?"

Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Binti yake akamnong'oneza. Yule mama akauachia mkono wa binti, akatoka kwenye foleni akipapasa hewani, akafuata ile sauti. Alivua garbasaar yake, ile shali kubwa wanayojifunika wanawake wa Kisomali juu ya nguo, akairusha mbele yake bila kuona vizuri itaangukia wapi. Ilimwangukia mmoja wa askari. Askari akaona haya, akamfunika nayo yule mwanamke.

"Nani amesema huyu mama atolewe?" aliuliza yule mzee.

 Yule mwanamke akatolewa nje ya geti akiwa amejitanda ile shali. Dakika chache baadaye magari ya wakubwa yakaingia.

Hakurudi tena. Siku ya pili niliweka uji, ukaganda. Siku ya tatu nilimuuliza askari, akasema amemwona upande wa maegesho ya malori. Nilipanga kwenda kumtafuta Jumamosi nikipata nafasi. Alhamisi, mchana, gari la polisi lilileta maiti iliyookotwa kando ya barabara ya kwenda Modika, palipo wazi pasipo na mti wala nyumba. Nilikuwa nikipita. Niliitambua ile garbasaar kabla ya kuona uso.

Kwenye kitabu cha chumba cha maiti aliandikwa mwanamke, hajulikani. Daktari aliandika kwamba mwili umekaukiwa na maji. Joto la siku zile lilikuwa la kuua hata mbuzi. Hakukuwa na jeraha.

Sheria inataka maiti asiyejulikana asubiriwe, matangazo yatolewe, ndugu watafutwe. Tukasubiri wiki mbili na hakuna aliyekuja. Baada ya hapo wafanyakazi wa kaunti huwachukua wote wasio na wenyewe kwa pamoja, wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki, bila kuoshwa, wakawazika nje ya mji. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi kazini na sikuwahi kulifikiria. Safari hii sikulala vizuri. Nilikwenda kwanza kwa mzee wa kamati ya msikiti ulio karibu nasi, mtu mpole ninayemfahamu, maana nilimhudumia mkewe alipojifungua.

"Sista," alinijibu, "tungejua ni Muislamu, angezikwa siku ileile, kabla ya alasiri. Lakini nani atashuhudia? Siwezi kuwasimamisha watu wamswalie mtu nisiyemjua dini yake. Nitaulizwa."

Nikaenda kwa mchungaji wangu. Alinikaribisha ofisini, akanisikiliza, akavua miwani.

"Dada yangu, sisi hapa hatuna hata makaburi. Wetu tunawasafirisha makwao. Na tukimzika huyu kwa wimbo na maombi, halafu watokee ndugu zake waseme alikuwa Muislamu, tumemzika Kikristo? Unaijua hali yetu hapa."

Naijua. Sikuweza kumlaumu, wala yule mzee wa msikiti sikumlaumu. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kwa sababu zile nzuri mwanamke yule alikuwa bado kwenye jokofu. Sikumwambia yeyote kati yao ni nani aliyemtoa kwenye veranda.

Siku moja kabla ya maiti kuchukuliwa, yule mama mzee wa foleni alikuja kliniki kuangaliwa jicho. Alikuwa amepasuliwa la kulia, na la kushoto lilikuwa bado linasubiri. Daktari alinihitaji nitafsiri, kwa kuwa yeye alisema Kiingereza na mama alisema Kiswahili cha hapa, ambamo p hugeuka b na v hugeuka f. Binti yake alishaniambia kwamba wanaishi mtaa wa Galbet, na kwamba kwa miaka mingi mama yake ndiye anayeitwa mwanamke akifa mtaani, aende kumwosha. Alipoanza kupoteza macho aliendelea kuosha kwa kupapasa.

Daktari alimaliza kumpima. Nikamwomba mama abaki kidogo, nikamweleza habari ya maiti. Nilimwambia ni yule aliyempa garbasaar.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Watamzika lini?"

"Kesho asubuhi. Bila kuoshwa, mama. Msikiti wanasema hawajui kama ni Muislamu. Kanisa nao hawajui kama ni Mkristo."

"Mimi sijauliza dini yake. Nimeuliza lini." Akainuka. "Kuswali ni kazi ya wanaume, wao wajue wenyewe. Kuosha ni kazi yangu. Mungu amembatia heshima mwana wa Adamu. Hakusema Msomali. Hakusema mwenye akili. Leta maji."

Daktari alikuwa akifuata uso wangu bila kuelewa. Nilimtafsiria. Akatikisa kichwa kwa nguvu: mama asiiname, asiinue kitu kizito, jicho lisiguswe na maji, la sivyo kazi yote itaharibika. Nikamwambia mama. Alifikiri kidogo, akanielekeza kidole.

"Basi mikono yako. Nia itakuwa yangu."

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti, sisi watatu, tukisubiri mhudumu alete ufunguo. Mama akaanza kusimulia, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Alisema siku moja Mtume alikuwa amekaa na wenzake, jeneza likapita, akasimama. Wenzake wakamwambia yule maiti ni Myahudi. Yeye akawauliza, kwani si nafsi?

Nilipomaliza kutafsiri, daktari aliniomba nirudie. Nikarudia. Akatazama viatu vyake.

"Mwambie mimi ni Myahudi," alisema.

Nilimnong'oneza kwamba hapa si mahali pa kulisema jambo kama hilo, watu wana hasira na habari wanazoziona kila siku kwenye televisheni. Wiki mbili nzima tulizofanya kazi pamoja hakuwa amelitaja, na nadhani kuna aliyekuwa amemshauri asilitaje.

"Najua," alisema. "Mwambie."

Nikamwambia. Mama aligeuza kichwa, akamtazama kwa lile jicho jipya, akimpima kutoka kichwani hadi miguuni. Huyu ndiye aliyemfungulia jicho, na ndiye mtu wa kwanza aliyemwona lilipofunguliwa bandeji.

"Kumbe Mtume alisimama kwa babu yako," alisema. "Basi na wewe simama kwa wetu."

Daktari aliposikia tafsiri, aliinuka kwenye benchi. Alituambia kwamba kwao maiti haachwi peke yake tangu anapokata roho mpaka anapozikwa, kuna mtu hukaa naye. Alituambia pia kwamba kuhani wao mkuu wa zamani alikatazwa kukaribia maiti yoyote, hata ya baba yake mzazi, lakini akikuta njiani maiti asiye na mtu wa kumzika, ilimlazimu asimame, amzike yeye mwenyewe. "Hakuna kazi takatifu inayoizidi hiyo," alisema. Akaomba kiti cha plastiki, akakiweka nje ya mlango, akaketi akiupa mlango mgongo.

Ndani tulikuwa wawili na yule aliyelala mezani. Binti wa mama alikuwa amekwenda na kurudi na vitu: sanda, kafuri, unga wa majani wanaouita qasil wanaouoshea nywele, na ndoo tatu. Mama aliketi kwenye stuli kando ya kichwa. Aliniambia nimfunike kwanza kwa shuka tangu kifuani hadi magotini, nimwoshe chini ya shuka bila kufunua.

"Wewe usimwangalie sehemu yake ya siri. Hata mimi siangalii. Bole bole. Maji ya uvuguvugu. Maiti inaumia kama sisi."

Nimeosha wagonjwa maelfu. Ninajua kugeuza mwili, kusugua, kukausha, kwa dakika tano, huku nikiongea na mwenzangu habari za mishahara. Sikuwahi kuosha mtu hivi. Mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akihesabu kwa Kisomali na kusema dua zake kwa sauti ya chini. Nyayo za yule mwanamke zilikuwa zimepasuka mipasuko mirefu, na mchanga ulikuwa umeingia ndani kabisa. Nilikaa nazo muda mrefu. Chini ya shuka, kitambaa kilipopita tumboni, vidole vyangu vilikutana na kovu la wima, la kisu cha daktari. Nilijua ni kovu gani. Alikuwa amezaa, au alijaribu.

Mama akaniambia nisuke nywele zake mafungu matatu, nizilaze nyuma. Zilikuwa chache na zimeshikana. Nikazilainisha kwa ule unga. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Mama," nilisema, "siku ile uliuliza ni nani aliyesema atolewe."

"Ndiyo."

"Ni mimi."

"Najua," alijibu. "Wakati ule mimi nilikuwa sioni, lakini nasikia. Uliponisemesha kliniki, nikajua sauti yako." Akaninyooshea kitana. "Fungu la tatu bado."

Hakusema zaidi ya hapo, wakati ule wala baadaye.

Nilipomaliza nywele, nikamsikia daktari akibisha taratibu na kusema kitu kupitia mlangoni, labda alinisikia nikilia. Alisema kwamba kwao wale wanaoosha, wakishamaliza, humwomba maiti msamaha, kwa lolote walilomkosea mikono yao ikimgusa. Hakujua alilokuwa akiniambia. Nilifundisha watoto Sunday school miaka sita. Niliwafundisha habari za yule Mfalme anayewaambia watu kwamba alikuwa uchi wakamvika, nao wanashangaa ni lini walimwona. Niliwaambia watoto wale kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, nikawapa kalamu za rangi wachore. Sasa nilisimama mbele ya yule mwanamke, nikamwomba msamaha kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili kilinikataa. Nilimweleza kila kitu, na kikombe pia. Mama hakuelewa neno lakini alisubiri nimalize. Kisha tukamkausha, tukamvika vitambaa vitano kama anavyovikwa mwanamke, mama akielekeza, mimi nikifunga.

Tulimzika kesho yake, nje ya mji, penye udongo mwekundu na vichaka vya miiba. Waliokuwepo walikuwa wafanyakazi wawili wa kaunti, dereva, daktari, binti wa yule mama, na mimi. Wengine walioletwa kuzikwa siku hiyo walikuwa kwenye mifuko yao. Tulipokuwa tukimshusha, gari dogo likasimama barabarani, akashuka mzee wa kamati ya msikiti, peke yake. Hakuja mpaka kaburini. Alisimama mbali, akainua mikono, midomo yake ikacheza kidogo. Kisha akarudi garini.

Nikasema Baba Yetu kimoyomoyo. Daktari alinieleza baadaye kwamba kuna maneno wanayoyasema kwao kaburini, lakini yanahitaji watu kumi wa dini yao. Yeye alikuwa mmoja. Akachota mchanga kwa mgongo wa sepetu, kama wafanyavyo kwao, akaumimina polepole. Aliondoka Garissa Jumapili ile.

Ilipita miezi miwili na nusu. Asubuhi moja niliitwa mapokezi. Alikuwa amekaa pale mwanamume mrefu, mwembamba, mfugaji kwa mavazi yake, kikoi na fimbo, na vumbi la safari. Alikuwa ametoka Bute, siku mbili njiani. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kuliko cha watu wa Garissa. Lugha yake ni Kiborana. Alinipa mkono wa heshima, akatoa simu.

"Namtafuta dada yangu," alisema. "Ameshapotea miaka mitatu. Nimemwona hapa ndani."

Akanionyesha. Ilikuwa ile video. Ilikuwa imesafiri kutoka simu hadi simu mpaka ikamfikia mtu wa Bute aliyemtambua yule mwanamke, akampelekea kaka yake. Nilikuwa sijawahi kuiona. Niliona nguzo, nikasikia kicheko, nikamwona akiburutwa. Na pembeni, wazi kabisa, nikajiona mimi na faili langu kifuani, nikisema haraka, haraka.

Aliitazama video, akanitazama mimi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Nikampeleka kwenye chumba cha wauguzi, nikafunga mlango, nikamwambia amefariki. Nikamwambia yote kwa utaratibu: uji, veranda, amri yangu, barabara ya Modika, kuoshwa, sanda. Hakulia mbele yangu. Alikaa ameikamata fimbo yake kwa mikono miwili. Alipoanza kusema, alinieleza kwamba dada yake alikuwa Muislamu, alimaliza Kurani akiwa msichana, na aliwahi kukaa kwenye nyumba ya masista wa misheni akitibiwa, huko ndiko alikojifunza kuitikia amina. Watoto wake watatu walikufa. Wawili kwa homa katika mwaka mmoja wa ukame, na wa mwisho alitolewa kwa kisu Wajir, tayari amekufa. Baada ya huyo alianza kutembea. Walimfuata, wakamrudisha, akatembea tena.

"Tulikuwa tunamfunga kamba," alisema. "Mguuni. Mama akasema tumfungue, si mbuzi. Tukamfungua, akaenda."

Nilimwambia, "Nisamehe."

Aliilaza fimbo mapajani. "Nilikuja nikitaka kukuona," alisema. "Sasa nimekuona."

Alasiri hiyo nilimpigia simu mzee wa msikiti, nikamwambia kwamba sasa shahidi amepatikana. Alikuja na wanaume zaidi ya thelathini. Walisimama kwa safu nyuma ya kaburi lile lisilo na jina wakamswalia, huku kaka yake yuko mbele. Mimi nilisubiri barabarani na yule mama wa Galbet, ambaye sasa alikuwa ameshafanyiwa na jicho la kushoto. Mzee wa msikiti alipopita karibu nasi wakati wa kurudi, uso wake ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuufuta.

Jioni, kabla ya kwenda kulala kwa jamaa zake, kaka yule alisimama mlangoni pangu Iftin. Hakutaka kuingia.

"Mama yetu yuko hai," alisema. "Macho hana, hawezi kuona video. Ataniuliza dada alikufa vipi. Nimwambie nini?"

"Mwambie alioshwa. Mwambie alisukwa nywele."

"Hiyo nitasema. Nitasema pia alikuwa na rafiki hospitalini, anampa uji kila siku." Alinitazama moja kwa moja. "Ni uongo?"

Niliitazama fimbo yake. Uji ulikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba tumeelewana, akaondoka.

Wiki mbili baadaye simu yangu ililia nikiwa kazini. Ilikuwa namba nisiyoijua. Sauti ya kaka ikasema, "Mama anataka kukusemesha, wewe sikiliza tu," kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee sana, ikitetemeka, ikisema Kiborana. Sikuelewa chochote isipokuwa jina la binti yake, ambalo lilirudi mara kwa mara, na jina la Mungu. Nilijua kwa mwendo wa sauti kwamba ananiombea baraka. Alinibariki kwa muda mrefu, pengine dakika kumi. Mgonjwa mmoja alikuwa akiniita. Nilisimama pale dirishani na simu sikioni, nikisema amina kila aliponyamaza kuvuta pumzi, mpaka alipomaliza.